SANDUKU LA WAYA LISIFUNGIWE KABATINI

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wa tawi wa mwezi uliopita lililetwa swali ambalo halikupata jibu, kwa kuwa saa zilikuwa zimekwisha na watu wa zamu ya usiku walikuwa wakiondoka. Swali lilikuwa hili: Je, yafaa chama cha wafanya kazi kutumia fedha za wanachama kununua masanduku ya kufundishia watoto mambo ya umeme? Mzee mmoja alisimama akasema kwamba chama ni cha kutetea mishahara, si cha kununua vitu vya kuchezea. Watu wakacheka, na wengine wakapiga makofi.

Sisi hatukucheka. Twaomba nafasi katika karatasi hii tutoe maoni yetu, maana jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Kwanza tueleze vitu vyenyewe, kwa sababu wengi waliopiga makofi hawajaviona. Ndani ya sanduku la namna hii mna betri, waya, taa ndogo ziitwazo LED, risista za kupunguza nguvu ya umeme, swichi, kengele ndogo, na mota isiyozidi kidole gumba. Tena mna ubao wa plastiki wenye matundu mengi. Mtoto huchomeka waya katika matundu hayo pasipo kulehemu na pasipo spana, na akikosea huchomoa akaanza tena. Hapo ndipo penye ubora wake. Kazi iliyolehemiwa vibaya ni hasara, lakini waya uliochomekwa vibaya ni somo.

Yapo pia masanduku yenye kompyuta ndogo sana. Ile iitwayo Arduino ilianza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, nayo ilitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wasio wahandisi. Kule Uingereza, mwaka 2016, watoto wa miaka 11 na 12 waligawiwa bure kadi iitwayo micro:bit, yapata milioni moja kwa jumla. Kadi hiyo ina taa 25 na vifungo 2, na mtoto huiamuru afanyavyo fundi wa kompyuta. Ni vitu vizuri sana, lakini hatutavisema zaidi leo. Mpanda ngazi huanza kidato cha chini, na kidato cha chini ni betri, waya na taa.

Sasa tuseme kwa nini jambo hili latuchoma moyo.

Sisi tulisoma shule ya misheni hata darasa la nane. Twawashukuru waliotufundisha kusoma, kuandika na hesabu, na hatutawasahau. Lakini somo la umeme tulilipata hivi: mwalimu alichora ubaoni betri, waya mbili na glopu, nasi tukanakili. Akaandika maneno chini ya picha, tukayakariri. Siku ya mtihani tulichora glopu ile tukapata alama nzuri. Glopu yenyewe hatukuishika, wala hatukuiona ikiwaka. Mwalimu hakuwa na betri, hakuwa na waya, na darasa lilikuwa na watoto wengi kuliko madawati.

Miaka ikapita, tukapata kazi karakana. Siku za mwanzo fundi mkubwa alituwekea mezani glopu, betri na vipande viwili vya waya, akasema neno moja tu: “Washa.” Tulisimama kama nguzo. Maneno tuliyakumbuka yote, na picha tuliikumbuka, lakini mikono haikujua pa kuanzia. Vijana wawili waliokulia karibu na fundi wa redio, ambao shuleni tuliwashinda kila muhula, waliwasha kabla hatujavuta pumzi. Aibu ile twaikumbuka hata leo.

Zamani aibu ya namna ile ingalivumilika. Reli hii ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, kazi ilikuwa ya nyundo, mataruma na mabega, na mtu aliweza kula jasho lake bila kujua rezista ni mnyama gani. Leo si hivyo. Reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2017, kila mwenye macho aliona kwamba kazi nyingi iliyokuwa ya spana imekuwa ya waya, taa na kompyuta. Kwenye injini, kwenye taa za ishara, hata kwenye kukata tikiti, umeme mdogo ndio uendeshao. Mtoto asiyeujua ataajiriwa kubonyeza kifungo tu, na kifungo kikikataa atamngoja mtu mwingine aje. Nanyi mwajua mshahara wa mbonyeza kifungo na mshahara wa yule anayengojewa. Basi yule mzee atwambie: je, hilo si jambo la mishahara?

Tusije tukadhaniwa kuwa twawahubiria wengine tu, tutakiri kosa letu wenyewe.

Mwaka jana, baada ya kupokea mshahara, tulikwenda Luthuli Avenue, Nairobi, tukanunua vitu hivyo rejareja kwa ajili ya binti yetu mwenye miaka 11. Jioni tukaketi mezani, tukafungua karatasi ya maelezo, tukaanza kuunganisha. Binti alikuwa kando akitushikia tochi. Kila aliponyosha mkono tulimwambia, “Ngoja, utaharibu.” Taa ikawaka, tukafurahi sana. Yeye akapiga miayo akaenda kulala. Ukweli ni kwamba aliyecheza usiku ule ni baba.

Siku ya pili tulikuwa na zamu ya usiku. Tuliporudi asubuhi tukakuta kazi yetu yote imefumuliwa, na taa 2 zimeungua. Tulianza kupaza sauti. Mama yake akasema, “Msikilize kwanza, Baba Wambui. Huyu alikuwa kazini mpaka saa nne.”

Tukamsikiliza. Akasema, “Baba, taa hizi zina mlango mmoja tu. Umeme ukija kwa mguu mrefu unapita. Ukija kwa mguu mfupi haupiti, na taa haiwaki.” Tukamwuliza nani amemfundisha. Akasema hakuna, ila aliigeuza akaona. Tukamwuliza habari za zile 2 zilizokufa. Akasema, “Nilizitia moja kwa moja kwenye betri. Ziliwaka sana, halafu zikafa. Ile rezista inafanya nini, Baba?”

Ndugu, swali lile lina thamani kuliko taa 2. Mtoto aliyeunguza taa kwa kukosa rezista hatasahau kazi ya rezista maisha yake yote. Tukachukua daftari tukapiga hesabu pamoja. Betri za tochi 4 zikifuatana ni volti 6. Taa nyekundu hula kama volti 2. Zabaki volti 4. Twataka umeme wa ampea 0.012 upite. Gawanya 4 kwa 0.012, utapata 333. Basi twatafuta rezista ya omu 330, ambayo mistari yake ni miwili ya rangi ya machungwa na mmoja wa kahawia. Binti aliyekuwa akilia kwa sababu ya hesabu za desimali alizifanya hizi bila kuambiwa mara ya pili, kwa kuwa jibu lake lilikuwa linawaka mezani.

Baadaye tukamwonyesha jambo la kazi yetu. Twalieleza hapa kwa sababu kila mtu wa reli aweza kulifanya nyumbani na watoto wake.

Kata vipande viwili virefu vya karatasi ya bati ya kufunikia chakula, uvibandike mezani sambamba kama reli mbili, visigusane. Upande mmoja unganisha betri zako 4, huku rezista ya 330 ikikaa kati ya betri na reli moja. Usiisahau rezista hiyo, ndiyo ilindayo betri. Upande wa pili unganisha taa ya LED, mguu mmoja reli hii na mguu mmoja reli ile. Taa itawaka. Sasa chukua msumari, uulaze juu ya reli zote mbili kama ekseli ya behewa. Taa itazima.

Mtoto atauliza mbona imezima, wala hakuna waya uliokatika. Mwambie kwamba umeme umepata njia ya mkato katika msumari, basi haufiki tena kwenye taa. Hiyo ndiyo akili iliyowekewa hati na Mmarekani William Robinson mwaka 1872, nayo imelinda maisha ya watu katika reli nyingi za dunia. Badala ya taa yetu ndogo wao huweka rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Treni ikiingia katika kipande kile cha njia, magurudumu yake na ekseli huukata umeme usifike, rilei huachia, na taa ya ishara nyuma yake huwa nyekundu.

Kisha mwambie mtoto akate reli moja ya bati kwa mkasi. Taa itazima. Achomoe waya mmoja. Taa itazima. Betri ikifa, pia itazima. Hapo ndipo binti yetu alipoinua kichwa akasema, “Kumbe kila kitu kikiharibika, treni inasimama!” Naam. Waliobuni mtambo ule walijua kwamba vitu huharibika, basi wakaupanga ili ukiharibika uelekee upande wa salama. Somo hilo wapo wakubwa wengi wasiolijua, na mtoto wa miaka 11 amelipata kwa bati, msumari na betri.

Sasa twafikia kiini cha maneno yetu.

Kuna shule moja, hatutaitaja, iliyopewa na wafadhili masanduku kadhaa mazuri ya namna hii. Binti yetu alipotuambia, tulifurahi. Muhula ukaisha. Tukamwuliza, “Mmetengeneza nini?” Akajibu, “Hatujayagusa, Baba. Yako kabatini. Siku ya wageni yaliwekwa mezani tukayatazama, kisha yakarudishwa.” Tulikwenda kumwona mwalimu tukiwa na hasira. Mwalimu alitupokea kwa heshima, akafungua daftari la vifaa akatuonyesha. Kila taa imehesabiwa, kila waya umehesabiwa, na chini pana sahihi yake. Kikipotea au kikiungua kitu, ni yeye atakayelipa.

Hasira zetu zikaisha palepale. Maana ni nani kati yetu asiyeijua hali hiyo? Mfanya kazi aliyewahi kukatwa mshahara kwa sababu ya ncha ya kekee iliyovunjika kazini, je, ataishika tena kekee ile kwa moyo? Ataiacha kabatini, na mkubwa akija ataonyeshwa kekee safi inayong’aa. Mwalimu yule si mvivu wala si mchoyo. Amewekewa kanuni inayomwadhibu akifundisha, na inayomsifu asipofundisha. Chaki huisha kila siku, wala hatujasikia mwalimu akidaiwa chaki. Basi taa ya LED na ihesabiwe kama chaki. Ni kitu cha kutumika na kuisha, bei yake ni shilingi chache, na ikiungua mbele ya mtoto imekwisha kufanya kazi yake.

Mtaala mpya ulioanza katika shule zote nchini mwaka 2019 wasema kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda, na tangu Januari 2023 sekondari ya chini ina masomo ya awali ya ufundi. Twausifu mpango huo. Lakini mpango ulioandikwa vizuri, na kabati lililofungwa vizuri, vikikaa katika shule moja, kabati ndilo litakaloshinda. Tuliona mambo karibu na hayo tangu 2016, zilipogawiwa tableti kwa watoto wa darasa la kwanza: mahali pengi zilifungiwa zisiibwe. Kitu ni kimoja, na ufunguo ni kitu kingine.

Yako maneno yanayosemwa kinyume chetu, nayo yafaa kujibiwa.

Wengine wasema mtoto atapigwa na umeme. Hofu hiyo ni ya haki, na mzazi asiye na hofu ni hatari. Lakini tupambanue. Betri za tochi 4 ni volti 6, na umeme wa ukutani ni volti 240. Sheria ya kwanza iwe kwamba waya wa sanduku hauingii ukutani kamwe. Ya pili, betri ndogo zilizo kama kifungo cha shati ziwekwe mbali na watoto wadogo, kwani ikimezwa huweza kuunguza koo kwa muda wa saa mbili tu. Hapo ni mbio hospitali, si kungoja asubuhi. Ya tatu, betri kuukuu za simu zisichezewe hata kidogo, maana waya zake zikigusana huweza kushika moto.

Wengine wasema mtoto ana simu ya mama yake, yatosha. Simu ni chombo kizuri, lakini kimezibwa pande zote. Mtoto huona yatokayo, haoni yanayoyatoa. Atazamaye mtu akiogelea hajui kuogelea.

Wengine wasema ni kazi ya wavulana. Hao tutawajibu kwa ufupi: waje nyumbani kwetu wamwulize binti yetu habari za mguu mrefu na mguu mfupi.

Na wengine wasema ni vitu vya watoto wa matajiri. Kama kila mmoja wetu atanunua peke yake, ni kweli, maana ada na unga vyatangulia. Lakini chama ni cha nini, kama si kufanya pamoja tusiyoyaweza mmoja mmoja? Tawi letu lina watu 60. Kila mtu akitoa shilingi 50 kwa mwezi, ni shilingi 3,000. Kwa miezi mitatu ni shilingi 9,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano ujao mambo manne, na twaomba yapigiwe kura.

La kwanza, mchango huo wa shilingi 50 ukubaliwe kwa miezi mitatu, na mweka hazina auandike katika kitabu cha peke yake. Vitu vinunuliwe rejareja, si masanduku yenye picha nzuri, na katibu alete bei za maduka matatu kwa maandishi. Fundi wa jua kali walio jirani nao wana redio zilizokufa. Mota, swichi na waya za humo bado ni nzima.

La pili, ukumbi wa tawi ufunguliwe kila Jumamosi asubuhi, na wenzetu wa umeme na wa taa za ishara wapokezane zamu. Kazi yao iwe kukaa karibu na kunyamaza. Baba atakayemnyang’anya mtoto waya atoke nje. Sisi tutakuwa wa kwanza kutolewa, twajijua.

La tatu, iandikwe ukutani kwamba kilichoungua au kuvunjika katika kujifunza hakilipwi na mtu. Mtoto ataandika daftarini kimeunguaje, basi. Hiyo ndiyo itakuwa malipo yake.

La nne, viongozi wetu wakikutana na viongozi wa chama cha walimu, waseme nao juu ya kanuni ile ya kumdai mwalimu vifaa vilivyoharibika darasani. Tukiipinga kanuni hiyo karakana na kuiacha shuleni, tutakuwa tumewatetea baba na kuwasahau watoto.

Yule mzee wa mkutanoni twamheshimu. Amekaa katika chama miaka mingi, na mengi tunayokula leo aliyapigania yeye. Lakini twamwomba akumbuke siku aliyowekewa glopu mezani akaambiwa “Washa.” Kama aliiwasha, atwambie nani alimwachia kushika waya alipokuwa mdogo. Kama hakuiwasha, asikubali mjukuu wake naye asimame kama nguzo.

Mkutano ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana. Njoni wengi, mje na watoto wenu. Msumari na karatasi ya bati tutaleta sisi.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu wa karakana.